Tupeane uzoefu: treni za mikoani Japani, majira ya joto, miji mitano na zaidi

MshonaRatiba
Wakuu, ule uzi wa mtu anayetaka Tokyo, Aizu, Aomori, Akita, Kanazawa na Kyoto ndani ya siku kumi umenigusa, maana kosa lililomo ni lile lile la siku zote: ameanza na miji, ndipo akatafuta treni za kuiunganisha. Kwenye shinkansen, zile treni za kasi, hilo halina madhara, treni zinafuatana kama daladala. Mikoani linaua safari. Anza na treni iliyo adimu kuliko zote kwenye njia yako, ipigie msumari kwenye kalenda, kisha miji na hoteli zizunguke hapo.

Chukueni reli ya Tadami, kutoka Aizu-Wakamatsu hadi Koide, kilomita 135.2. Mvua za Julai 2011 ziliikata, ikafunguliwa tena yote tarehe 1 Oktoba 2022. Treni zinazopita mwanzo hadi mwisho ni tatu tu kwa siku kila upande: moja asubuhi na mapema, moja mchana, moja jioni, na mwendo unazidi saa nne. Ya jioni inakuvusha kwenye madaraja ya mto gizani, kwa hiyo iondoe. Zimebaki mbili. Ukitaka ya asubuhi, lazima ulale Aizu-Wakamatsu usiku wake. Hakuna treni ya kutoka Tokyo itakayokuwahisha. Umeona? Hoteli imeamuliwa na treni, wewe hukuulizwa.

Wenye kujua mwageni hapa. Treni gani, saa ngapi, nini huharibika na kwa nini.

ReliNaChai
Treni adimu kwanza. Naunga mkono bila nyongeza.

BahariKushoto
Kwa Gono, ile inayopita kando ya bahari kati ya Akita na Aomori: treni ya watalii ni Resort Shirakami, siti zote ni za kukatiwa kabla, na siti za upande wa bahari ni herufi A. Sehemu yenyewe hasa ni kuanzia Iwadate hadi Fukaura na Senjojiki. Ukiambiwa A zimekwisha, badilisha siku kuliko kukubali D, kwa sababu upande ule utatazama vichaka na kuta za zege.

Jambo ambalo wengi hawalijui: tiketi ya Japani ni mbili kwa moja, ya nauli na ya ekspresi au siti. Ile ya nauli ikizidi kilomita 100 inakuruhusu kushuka njiani na kuendelea baadaye, isipokuwa safari ikiwa yote ndani ya maeneo ya miji mikubwa kama Tokyo na vitongoji vyake. Kilomita 101 hadi 200 inaishi siku mbili, 201 hadi 400 siku tatu, 401 hadi 600 siku nne. Akita hadi Aomori kwa kupitia Gono ni zaidi ya 230, yaani siku tatu. Unashuka Fukaura, unalala, unaendelea kesho kwa tiketi ile ile. Lakini sema wazi kaunta kwamba unapitia Gono. Usiposema, watakukatia ya njia fupi ya bara. Na siti ya Shirakami inakufa ukishuka. Unakata siti nyingine au unapanda treni ya kawaida.

HesabuKwanza
Kabla hamjaenda mbali, tuzike kwanza ile JR Pass, pasi ya kupanda treni za JR nchi nzima. Oktoba 2023 ya siku 7 ilipanda hadi yeni 50,000 kutoka 29,650, ya siku 14 hadi 80,000, ya siku 21 hadi 100,000. Tokyo hadi Kyoto ni kama yeni 14,000. Kwenda na kurudi 28,000. Mtu anayenunua pasi kwa safari hiyo anatupa hela. Na hata ukiwa na pasi, kwa Nozomi, shinkansen ya haraka kuliko zote njia hiyo, bado unaongeza 4,960 kwa Tokyo–Kyoto.

FundiNauli
Dada, mbona hesabu yako ni ya Tokyo na Kyoto peke yake? Uzi unasema miji mitano. Tokyo–Kanazawa kama 14,000, Kanazawa–Kyoto kama 7,500, Kyoto–Hiroshima kama 11,000, Hiroshima–Tokyo kama 19,000. Jumla inagusa 51,000 kabla hujapanda treni moja ya pembeni. Pasi haijafa.

HesabuKwanza
Na wewe kaka umebana safari yote hiyo ndani ya siku saba ili tu pasi ijilipe. Pasi ndiyo inayokuendesha. Mtu huyo huyo akichukua pasi ya mkoa, ile Hokuriku Arch inayopita Tokyo, Kanazawa, Tsuruga hadi Osaka, bei iko chini sana ya 50,000, kisha Hiroshima anaongeza kwa tiketi ya kawaida.

FundiNauli
Arch haipandi shinkansen ya Tokaido, ile ya Tokyo–Kyoto–Osaka. Atarudi Tokyo kwa kuzunguka kule kule alikotoka au atalipa upya. Mwambieni hilo pia.

MshonaRatiba
Wote mna haki. Kila mtu aandike treni zake halisi, ajumlishe, ndipo alinganishe. Na pasi ya taifa ina mashimo mikoani, kwenye reli zisizo za JR: Reli ya Sanriku, Hokuhoku, kipande cha Chizu ambacho treni ya Super Hakuto kwenda Tottori hupita, Tosa Kuroshio kule Kochi, hizo zote zinalipiwa kando. Kwenye reli ya Aoimori pasi inakubalika kati ya Aomori na Hachinohe, na unaruhusiwa kushuka Aomori, Noheji na Hachinohe tu. Ukishuka kituo cha katikati unadaiwa nauli.

NauliYaMwanafunzi
Hamjataja tiketi ya Seishun 18. Haina sharti la umri licha ya jina. Tangu majira ya baridi ya 2024 imebadilika: siku 3 kwa yeni 10,000 au siku 5 kwa yeni 12,050, siku mfululizo, mtu mmoja. Zamani watu waligawana na kuruka siku, sasa hakuna. Ni treni za kawaida tu, shinkansen na ekspresi hapana. Msimu wake wa joto huisha karibu na tarehe 10 Septemba.

KituoChaMwisho
Ngojeni. Mnapanga kana kwamba Agosti hakuna tufani. Mtaje 15 Agosti 2023.

Ilikuwa katikati ya Obon, siku ambazo Wajapani wanarudi vijijini kuzuru makaburi na familia. Tangu mwisho wa 2023, siku kama hizo Nozomi zote huwa za siti za kukatiwa tu, behewa za kujikalia huondolewa. Mwaka ule wa 2023 tufani Lan ikaja juu ya Kansai, eneo la Osaka na Kyoto. Reli zilitangaza mapema kusitisha safari, wanaita keikaku unkyū, na siku hiyo shinkansen kati ya Nagoya na Okayama haikutembea. Kila aliyekuwa na tiketi ya tarehe 15 akahamia 16. Na tarehe 16 asubuhi ikanyesha mvua kubwa Shizuoka, upande ambao tufani haikuwa imepita kabisa, treni zikasimama tena, abiria wa siku mbili wakajazana kwenye majukwaa ya siku moja. Agosti 2024 ikarudi kwa sura nyingine: tarehe 16 Tokyo–Nagoya ikafungwa siku nzima, na mwishoni mwa mwezi ule tufani Shanshan ikavuruga njia ile ile kwa siku kadhaa.

Sasa elewa kinachoharibika. Si treni yako moja. Ni mnyororo. Umelala Hiroshima, kesho una siti Kyoto, keshokutwa Kanazawa, kila hoteli imelipwa bila kurudishwa. Ikikatika pete moja, zote zinaanguka kuelekea mwisho. Na pasi hairefushwi wala hairudishwi kwa sababu treni ilisitishwa. Siku imekwenda na maji.

Dawa ni mbili. Usiku mmoja mtupu katikati ya safari, usio na siti wala tukio, katika mji wenye njia zaidi ya moja ya kutokea. Na ndege ya kurudi isipangwe siku ile ile unayotoka mkoani. Lala usiku wa mwisho mji wenye uwanja wa ndege.

ReliNaChai
Hii ya mnyororo niibandike ukutani.

BintiTanga
Swali kwa KituoChaMwisho: tufani ikitangazwa, nirudishe tiketi mapema au nisubiri?

KituoChaMwisho
Subiri, dada. Ukirudisha mwenyewe tiketi ya siti ya ekspresi, hadi siku mbili kabla wanakata yeni 340. Kuanzia siku moja kabla wanakata asilimia 30 ya sehemu ya ekspresi. Wakisitisha wenyewe unarudishiwa yote bila makato. Na ekspresi ikichelewa saa mbili au zaidi, sehemu ya ekspresi inarudi, nauli hairudi.

FundiNauli
Mimi nasema usisubiri, zunguka. Tangu Machi 2024 shinkansen ya Hokuriku imefika Tsuruga. Tokaido ikikatika, Tokyo–Tsuruga ni saa tatu na kidogo, kisha ekspresi Thunderbird hadi Kyoto kama saa moja. Jukwaa la Thunderbird liko chini ya la shinkansen, na ratiba hukupa kama dakika nane za kuhama. Kaa tayari mlangoni.

KituoChaMwisho
Kaka, siku ya upepo Thunderbird ndiyo ya kwanza kuumia. Inapita reli ya Kosei kando ya ziwa Biwa, na upepo unaoshuka milima ya Hira huifunga. Hapo wanaizungusha kwa Maibara au wanaifuta. Pia siti zake zote ni za kukatiwa tangu Machi 2024, na siku Tokaido imelala watu wote wana wazo lako. Zunguka kabla tufani haijafika, siku moja nzima kabla. Siku yenyewe kaa hotelini.

FundiNauli
Siku moja kabla nakubali.

BintiTanga
Ahsanteni. Basi nami niongeze mizigo, maana mnaizungumzia treni kana kwamba mtu anatembea mikono mitupu. Shinkansen za Tokaido, Sanyo na Kyushu: sanduku ambalo urefu, upana na kimo vikijumlishwa vinazidi sentimita 160 hadi 250 linahitaji siti maalumu ya mizigo, haina gharama ya ziada lakini lazima uikate kabla. Usipokata, yeni 1,000. Zaidi ya 250 halipandi.

Mikoani tatizo ni jingine: behewa moja au mawili, hakuna pa kuweka, na vituo vidogo havina makabati ya sarafu. Tumieni takuhaibin. Unaliacha sanduku mapokezi ya hoteli asubuhi, linafika hoteli inayofuata kesho yake, sehemu za mbali siku mbili. Kwa hiyo litume liruke mji mmoja: likusubiri mji wa tatu, nawe upite wa pili na begi la mgongoni. Usitie humo dawa, pasipoti wala hela.

ZamuYaDereva
Na treni za mtu mmoja, wanaita wanman. Hakuna konda. Kwa kawaida unapandia mlango wa nyuma wa behewa la mbele, unachukua kikaratasi chenye namba. Juu ya dereva kuna ubao. Nauli iliyo chini ya namba yako inapanda kila kituo. Unashukia mlango wa mbele, unatia kikaratasi na hela kamili kisandukuni. Mashine inavunja noti ya 1,000 na sarafu; 5,000 na 10,000 kwa kawaida haipokei. Noti mpya zilipotoka 3 Julai 2024, mashine kongwe nyingine zikawa zinakataa hata 1,000 mpya. Bebeni sarafu. Ukikaa behewa la pili kwenye kituo kisicho na mhudumu mlango haufunguki, anza kusogea mbele kituo kimoja kabla.

Kadi ya Suica, ile ya kugonga kulipia nauli, usiiamini huko. Ukigonga kuingia mjini na ukashukia kituo kisicho na mashine, utalipa taslimu na kadi itabaki imefungwa hadi ukaifunguliwe kituo chenye wahudumu.

BahariKushoto
Shikoku kuna mtego mmoja. Kituo cha Shimonada, kile kinachotazama bahari, kiko kwenye njia ya zamani ya pwani. Ekspresi Uwakai kutoka Matsuyama hupita njia ya ndani, kwa Uchiko. Haikioni kabisa Shimonada. Unataka treni ya kawaida inayopita Iyo-Nagahama, na hizo si nyingi. Kagua ya kurudi kabla hujashuka, maana kivuli ni kidogo na Agosti jua ni kali.

MwanaMuscat
Joto nyuzi 35 lenye unyevu, hata aliyezoea Muscat au Mombasa asilidharau, kwa sababu kule unatembea nalo na mizigo ngazini.

Kwa wanaoomba visa kutoka Dar au Nairobi: ratiba ya siku kwa siku ni sehemu ya maombi, basi kazi hii ya treni haipotei. Kwa wasiokula nguruwe wala pombe, bento, vile vyakula vya boksi vya stesheni, zina vyote mara nyingi. Tafuteni 豚 na 酒 kwenye viambato.

HesabuKwanza
Wanaokwenda sherehe za kaskazini: Aomori Nebuta 2–7 Agosti, Akita Kanto 3–6, Sendai Tanabata 6–8. Hoteli Aomori zikijaa watu hukimbilia Hirosaki, nako kuna Neputa 1–7. Morioka kuna Sansa Odori 1–4. Hachinohe kuna Sansha Taisai hadi tarehe 4. Upenyo ni tarehe 7: maandamano ya Nebuta siku hiyo ni ya mchana. Unayaona, unaondoka na shinkansen ya jioni.

RamaniMpya
Msitumie ramani za zamani. Hisatsu kati ya Yatsushiro na Yoshimatsu ilisombwa Julai 2020. Yonesaka kati ya Imaizumi na Sakamachi, Agosti 2022. Furano hadi Shintoku kule Hokkaido ilifungwa kabisa mwisho wa Machi 2024. Mstari unauona, treni huioni.

NauliYaMwanafunzi
Siti zinafunguliwa lini?

MshonaRatiba
Mwezi mmoja kabla, tarehe ile ile, 10:00 ya Japani. Tofauti yetu na wao ni saa sita, kwa hiyo namba inayosomwa kwenye saa ya Tokyo ndiyo saa yetu ya Kiswahili: saa kumi alfajiri. Kwa treni ya usiku Sunrise Izumo, ile ya kulala kutoka Tokyo, na kwa siti A ya Shirakami wiki ya Obon, uwe umeamka saa tisa na nusu, kadi ya benki iko mezani.