Mada: Mishikaki ya mala imenishinda (Chengdu, Sichuan, Uchina)

Ndugu zangu, habari za tangu juzi.

Kosa langu lilikuwa kujisifu. Niliwaambia wenzangu wa bwenini kwamba mimi ni mtu wa Tanga, pilipili mbuzi naila kama nyanya. Jioni hiyohiyo wakanibeba mpaka kibanda cha chuanchuan nyuma ya geti la chuo. Kwa wageni wa Sichuan: ni vijiti kama vya mishikaki, ila haviendi kwenye mkaa, vinachemshwa kwenye sufuria la mafuta mekundu. Unachagua mwenyewe: utumbo, mayai ya kware, tofu, viazi. Vijiti vitupu unavitia koponi, mwisho muuzaji anavihesabu, ndiyo bili yako.

Vitatu vya kwanza nikawa nauliza, "Ndiyo hii tu?" Cha tano, midomo ikaanza kutetemeka yenyewe. Mnakumbuka utotoni tukiramba betri ya redio kujua kama bado ina moto? Basi hivyo, mdomo mzima. Nikanywa maji, yakawa na ladha ya msumari. Halafu, jasho linanitiririka, nikafikicha jicho kwa kidole kilekile. Sitaeleza zaidi.

Swali: nikimwambia mama yule "bu la", bila pilipili, anaitikia vizuri kabisa, kisha analeta mchuzi mwekundu uleule. Nimebakiza miezi 10 hapa. Nifanyeje?

— Mtanga

*

Pole mdogo wangu. (Nimecheka kwanza, pole imefuata.)

Kilichokupiga si pilipili. Mala ni maneno mawili: ile "la" ndiyo ukali, huo unao kwenu. "Ma" ni ganzi, na herufi yake ndiyo hiyo iliyomo kwenye neno lao la dawa ya usingizi ya hospitali. Inatoka kwenye huajiao, vipunje vidogo vyenye maganda yaliyopasuka, ambavyo wala si ndugu wa pilipili. Mti wake uko upande wa michungwa na milimau. Pilipili ilitoka Amerika, kwao ni mgeni kama kwetu. Huajiao wanayo tangu zama za kale. Ukiona punje kijitini, ing'oe, usiitafune.

Kuhusu "bu la", usimlaumu mama wa watu. Kwetu pilipili inakaa pembeni, kwenye kibakuli, kila mtu na roho yake. Kule imo ndani ya mafuta tangu asubuhi, na sufuria ni moja. Hawezi kukutolea. Hapo uchague sehemu yenye chungu kilichogawanywa katikati, wanakiita yuanyang: upande mmoja mwekundu, upande wa pili supu nyeupe. Na ukihamia Chongqing nilikosoma mimi, ujue "wei la" yao, yaani pilipili kidogo, ni kidogo kwa hesabu yao.

Maji usinywe. Ukali wa pilipili hauyeyuki kwenye maji, unausambaza tu mdomoni. Maziwa au mtindi ndiyo dawa. Ganzi haina dawa, subiri ipite. Kile kibakuli cha mafuta ya ufuta na vitunguu saumu wanachokuwekea si cha mapambo, chovya humo kila kijiti, ukali unapungua. Mwisho tafuta bingfen, ile kitu baridi inayotetemeka, yenye maji ya sukari nguru. Na mkesha wa mtihani usile kabisa. Sababu utaijua asubuhi.

— Dada wa Chongqing, sasa Guangzhou

*

Asalaam aleikum. Mmesahau jambo moja, au hamkuliona kwa kuwa halikuwahusu. Sufuria lile linachemshiwa kila kitu, nyama ya nguruwe imo. Ukichukua kijiti cha viazi peke yake haijasaidia, mchuzi ni uleule. Wenzangu Waislamu tafuteni kibao cha qingzhen, yaani halali, mara nyingi cha kijani. Wauzaji wengi ni Wahui, Waislamu wa Kichina, na tambi zao za nyama ya ng'ombe zinakuja na pilipili kwenye kibakuli, pembeni. Nilipoiona mara ya kwanza nilitaka kumkumbatia yule mzee.

— Mpemba, Wuhan

*

Shukrani, dada, na wewe shehe. Jana nimerudi palepale, nimetia pakiti mbili za maziwa mkobani kama mtoto wa chekechea. Huajiao nimezing'oa moja moja, nikazipanga ukingoni mwa sahani. Wenzangu wamezipiga picha. Midomo ilikufa tena, ila safari hii nilikuwa naisubiri, na kusema kweli kuna utamu fulani unaokuja baada ya ganzi, nyama unaionja upya.

Mama alinikumbuka. Kabla sijakaa alishaniwekea boksi la tishu. Vijiti 32.

— Mtanga