Kuandika makala kwa saiti za kugawana mapato, kuna mtu wa Lamu ama Malindi analipwa kweli?

MwanaLangoni:
Assalam aleikum wote. Nina swali na naomba wenye ujuzi mnijibu bila kunificha kitu. Mimi niko Amu, yaani mji wa Lamu, mtaa wa Langoni, nimesomea utalii na msimu ukiwa mzuri natembeza wageni, lakini kusi, ule upepo wa kutoka kusini, ikishaingia na mvua za mwezi wa nne na wa tano mgeni humuoni, tunabaki kukaa barazani mchana kutwa. Sasa kuna rafiki yangu kaniambia kuna saiti unaandika makala, wenyewe wanaweka matangazo, halafu pesa ya matangazo mnagawana. Kizungu naandika vizuri tu alhamdulillahi. Nataka kujua hii kitu ni ya kweli ama ni zile za kumaliziana bando? Pesa inafika vipi kwa Mpesa? Na niandike nini, maana nikifungua hizo saiti naona watu wanaandika mambo ya bima na mikopo ya nyumba na kupunguza unene, hayo mimi siyajui kabisa. Laptopu sina, natumia simu, mara moja moja naingia saiba, yaani duka la intaneti. Shukran sana.

KaskaziMalindi:
Waaleikum salam ndugu yangu. Ipo kweli na ni ya zamani. Mimi niko Malindi, hii kazi naifanya na inanisaidia, kwa hiyo nitakueleza inavyokwenda, usome polepole.

Kwanza ujue pesa inatoka wapi maana wengi wanaingia bila kujua hilo. Mtu yuko kwao anaandika swali kwa Google, anaangukia makala yako, katikati ya makala pana tangazo, mwenye tangazo anailipa saiti, saiti inachukua fungu lake na wewe unapewa lako. Saiti moja ya namna hiyo, HubPages, ilianza 2006 na mgao wao unaojulikana ni 60 kwa 40, yaani tangazo likionekana mara 100 basi 60 zinahesabiwa za mwandishi. Saiti nyingine, Medium, ni mambo mengine kabisa, wao hawaweki matangazo, wasomaji wanalipia uanachama na mwandishi analipwa kwa kuangalia wanachama wamekaa kusoma kiasi gani, mpango wao huo ulianza 2017. Kwa hiyo mtu akikwambia "mnagawana" muulize mnagawana nini, matangazo ama uanachama, maana uandishi wake si mmoja. Makala ya matangazo inataka swali ambalo watu wanalitafuta mwaka mzima, ya uanachama inataka kisa kinachomshika mtu asome mpaka mwisho. Na hiyo ya uanachama uangalie kwanza kama nchi yako iko kwa orodha yao ya malipo, kabla hujaandika hata neno moja.

Halafu jua kwamba ni vijisenti vinavyojikusanya. Makala moja haikulishi. Msomaji mmoja ni sehemu ya senti, na msomaji wa Marekani ama Uingereza analipisha zaidi kuliko wa Nairobi kwa sababu wenye matangazo wa kule wanashindania macho yake kwa pesa kubwa. Makala ikikaa vizuri kwa Google inaendelea kuingiza hata wewe umelala, hiyo ndiyo raha yake, ila miezi ya mwanzo unaweza kuona sifuri kila ukifungua ukurasa wa mapato na hapo ndipo wengi wanaacha.

Sasa hili la uandike nini ndilo nataka nikae nalo kidogo. Achana na bima, achana na kupunguza unene, hayo yameandikwa na watu elfu na makampuni makubwa yenye wahariri wao, hutapenya. Wewe umekalia mali. Chukua Takwa, yale magofu ya kisiwani Manda. Mgeni aliye London anapanga safari, anasoma kwa saiti kubwa kwamba "panda mashua uende Takwa" basi, imeisha hapo. Hakuna anayemwambia kwamba ile njia ya kwenye mikoko inapitika maji yakijaa tu, maji yakipwa mashua inakaa kwenye tope. Hajui kwamba saa ya maji kujaa inasogea mbele karibu dakika 50 kila siku, kwa hiyo saa aliyoambiwa na rafiki yake aliyekuja wiki iliyopita haimfai. Hajui bamvua, yaani maji makubwa, ni lini na maji mafu, yaani maji madogo, ni lini. Wewe haya umeyajua tangu utotoni. Sasa andika makala moja tu, namna ya kupanga siku ya kwenda Takwa kwa kufuata maji, eleza anaanzia wapi, anamuuliza nahodha maswali gani kabla ya kukubaliana bei, avae nini mguuni, arudi kabla ya saa ngapi. Hiyo makala mtu wa Marekani aliyekaa kwake hawezi kuiandika hata umpe mwaka.

Na ziko nyingi za namna hiyo. Ndege inatua Manda halafu unavuka kwa boti, wageni wengi wanashangaa wakifika. Anayekuja kwa basi anashuka Mokowe, anavukaje, mzigo nani anabeba? Maulidi ya Lamu ni lini, kila mwaka wanauliza kwa sababu kalenda yetu inarudi nyuma karibu siku 11 kwa ile ya kizungu, na wanataka kujua wanaweza kufika msikiti wa Riyadha kuangalia ama hapana na mwanamke avae vipi. Huku kwetu tangu mji wa kale wa Gedi uingizwe kwenye orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia 2024 mimi nimeandika zaidi kuhusu hapo, kisima, misikiti, nguzo za makaburi, na namna ya kufika kwa matatu kutoka Malindi bila kukodi teksi. Mji wenu wa Amu uko kwenye orodha hiyo tangu 2001 ndugu yangu, na vitu vingi vinavyosomwa kuhusu Amu vimeandikwa na watu waliokaa siku mbili tatu wakaondoka. Hilo linaniuma na ndilo linalonifanya nikuhimize.

BintiShela:
Kaskazi amesema vizuri sana, mimi naongezea upande wa usalama maana vijana wanaingia kwa pupa.

Saiti si yako. Hilo uliweke kichwani siku ya kwanza. 2011 mwezi wa pili Google walibadilisha namna ya kupanga majibu, wakaita Panda, zile saiti zilizojaa makala nyepesi nyepesi zikashuka kwa kishindo na waandishi wake wakashuka nazo hata walioandika vizuri. Halafu njoo 2014, mwaka mmoja tu, saiti za kuandikia zikaanguka, Yahoo Voices ikafungwa, Helium ikafungwa, Squidoo ikachukuliwa na HubPages. Fikiria mtu alikuwa na makala mia mbili humo na hana nakala hata moja. Kwa hiyo kila makala iandike kwanza kwa simu yako ama kwa Google Docs, ihifadhi na picha zake, ndiyo uipeleke kwa saiti. Na usome yale masharti, haki inabaki kwako ama wanaichukua? Kuna wanaosema makala ni yako na unaweza kuitoa ukitaka, kuna wanaosema ukishaiweka ni yao milele. Hawa wa pili mimi sipeleki kitu.

La pili ni kiwango cha chini cha kulipwa. HubPages ni mpaka ufikishe dola 50, AdSense, yale matangazo ya Google ambayo unaweka kwa blogu yako mwenyewe, ni dola 100. Mimi kuna saiti moja, sitaitaja, pesa zangu zilikuwa bado hazijafika kiwango chao, wakatuma barua pepe wanafunga, na zile nilizokwisha kuzifanyia kazi zikaenda na maji. Hiyo ni dhulma, mtu kakesha akaandika. Kwa hiyo saiti mpya yenye kiwango kikubwa cha kulipwa usiirundikie kazi, ipe chache uone inalipa.

Na kupokea pesa: wengi wanalipa kwa PayPal, ile akaunti ya pesa ya mtandaoni, na tangu 2018 unaweza kutoa PayPal ukaleta Mpesa. Majina yawe sawasawa na ya kitambulisho, herufi kwa herufi. Wewe kama PayPal umeandika Mohamed na laini ya Safaricom imeandikwa Muhammad utasumbuka. AdSense nao ukifikisha dola 10 wanakutumia barua ya karatasi yenye namba ya siri, inakuja kwa posta, na usipoiingiza ndani ya miezi minne matangazo yanasimamishwa. Kwa hiyo hakikisha una sanduku la posta, kama huna tumia la mzee nyumbani ama la madrasa baada ya kuwaomba, na 80500, namba ya posta ya Lamu, isikosekane kwa anwani.

Mwisho wa hili, yeyote akikwambia toa ada ya usajili ndiyo uanze kuandika, huyo ni mwizi. Saiti ya kweli haimtozi mwandishi kujiunga.

Tuktuk_Boy:
mimi naona mnamchosha tu huyu kijana, vijisenti vya nini na kungoja miezi, kuna zile kazi za kuandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao, unalipwa kwa ukurasa na pesa inakuja haraka, jamaa zangu Nairobi ndo wanaishi nayo. na siku hizi ukitaka makala unaiambia ChatGPT inakuandikia kumi kwa saa moja unapeleka kwa saiti basi kazi imekwisha

KaskaziMalindi:
@Tuktuk_Boy nimekusoma na nakujibu kwa heshima. Ile ya insha ni kumwandikia mtu mtihani wake akaupitisha kwa jina lake, mimi kwangu hiyo ni kumsaidia mtu kudanganya na siwezi kumshauri mdogo wangu aifanye hata ikilipa. Na ukiangalia hata kwa faida, ukurasa ukishalipiwa umekufa, kesho unaanza upya. Makala yenye jina lako inabaki.

Hii ya ChatGPT nayo, tangu itoke mwishoni mwa 2022 kila mtu alifikiria hivyo hivyo, na matokeo yake saiti nyingi zilijaa makala zinazofanana na Google wakaanza kuzishusha. Tena tangu 2024 Google wenyewe wanaandika jibu la akili mnemba juu kabisa ya matokeo, sasa swali la jumla jumla mtu analisoma pale pale hafungui saiti yoyote, na asipofungua hakuna tangazo na wewe huna kitu. Kinachobaki na thamani ni kile ambacho mashine haijakiona. Boti ya asubuhi inaondoka jeti gani, yaani gati gani, bei ya haki ni ngapi mwezi huu, mzee gani Matondoni anakubali wageni waangalie jahazi likiundwa na saa zipi hapendi kusumbuliwa. Hiyo lazima mtu aende kwa miguu yake akaulize. Unaweza kutumia hiyo programu ikurekebishie Kizungu, sawa, ila maneno yawe yako.

MwanaLangoni:
Mashallah nimefaidika sana, Mungu awalipe. Ile ya Takwa imenifungua kichwa kweli, baba yangu ni nahodha na haya mambo ya bamvua ndiyo mazungumzo ya kila siku nyumbani, sikuwahi kufikiria kuna mtu anayetafuta. Nimeamua nitaandika usiku kwa simu, Ijumaa naingia saiba kupanga picha. Nina maswali mawili tu. Makala iwe ndefu kiasi gani? Na picha, je naweza kupiga watu mtaani nikaweka? Nina picha nzuri za kina mama wakienda harusini na za watoto na punda pale ufukoni.

BintiShela:
Picha za kina mama usiweke mdogo wangu, hasa zile za harusini, unajua mwenyewe desturi zetu, mtu kajipamba kwa ajili ya shughuli ya wanawake halafu anaonekana dunia nzima. Hata akiwa na buibui muombe. Watoto muombe mzazi. Piga milango ya nakshi, piga mashua, piga jeti, piga sahani ya biriani, piga tiketi ya boti na bei yake ionekane, hizo ndizo zinazomsaidia msomaji. Na usichukue picha ya mtu kwa Google ukaibandika, saiti ikigundua inaweza kufunga akaunti na pesa iliyomo.

KaskaziMalindi:
Urefu usikupe shida. Jibu swali lote mpaka msomaji asiwe na haja ya kuuliza kwingine, ikifika maneno elfu sawa, ikiishia mia saba na imejibu sawa pia. Ila jibu lenyewe liweke juu kabisa, mambo ya historia ya Takwa yaje chini, maana mtu anasoma kwa simu na hana subira. Kichwa cha makala kiwe kama vile mgeni angeuliza kwa mdomo wake. Na weka tarehe uliyoandika, kisha kila msimu rudi ubadilishe bei, makala yenye bei za zamani watu wanaikimbia.

Muulize baba yako jambo moja pia, kama kuna miezi ambayo kusi ikivuma sana yeye mwenyewe hapeleki wageni upande ule, na kwa nini. Uandike jibu lake vile vile alivyosema. Ukimaliza rasimu ya kwanza ilete hapa, nitaipitia Kizungu chake na kichwa chake kabla hujaipeleka.

MwanaLangoni:
Inshallah naileta wiki hii. Baba nimeshamuuliza anasema mwezi wa sita na wa saba kuna siku hatoki kabisa, anataka nimsomee nikimaliza.