Je, mchakamchaka usitishwe katika shule zilizo kandokando ya Barabara ya Mandela, Dar es Salaam?

Mzazi, Temeke: Ndugu wadau, shule ya mwanangu imepakana na barabara hii ambayo malori ya bandarini hupita usiku na mchana, na kila asubuhi watoto hukimbia mchakamchaka katikati ya moshi. Napendekeza usitishwe.

Mwalimu wa michezo: Mzazi mwenzangu, hofu yako ni ya haki, ila dawa yake siiafiki. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za mazoezi kwa siku, na kwa wanafunzi wangu wengi mchakamchaka ndiyo mazoezi pekee ya uhakika.

Kinachonikosesha usingizi ni yale wanayoyaamini. Nilipowauliza darasani, karibu wote walisema kwamba hewa ya alfajiri ni safi siku zote na kwamba moshi usioonekana haudhuru. Kumbe asubuhi yenye ubaridi na isiyo na upepo moshi hutuama chini, na zile chembe za moshi zenye upana usiozidi maikromita 2.5 (maikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita), ambazo ndizo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu, hazionekani kwa macho. Anayekimbia huhema kwa nguvu, tena kwa mdomo, hivyo hewa nyingi humwingia bila kuchujwa puani.

Na moshi mwingine tunauwasha wenyewe. Wanafunzi hufagia uwanja, hukusanya majani pamoja na chupa za plastiki na kuyachoma nyuma ya vyoo. Muda mfupi baadaye filimbi hulia na mstari hupita palepale, wakiimba kwa sauti zote. Nilimwona binti mmoja akifuta machozi kwa kola ya shati huku akiitikia wimbo. Tangu siku ile hatuchomi tena, na mbio tumezihamishia mitaa ya ndani.

Mzazi, Temeke: Nimekuelewa, Mwalimu. Lakini shule yetu haina mtaa wa ndani: huku ukuta wa kiwanda, huku barabara. Na mwanangu ana pumu.

Mwalimu wa michezo: Basi hapo wasitoke getini. Wafanyie mazoezi kwenye kona ya uwanja iliyo mbali zaidi na barabara, jua likishapanda na hewa ya chini kuanza kuchanganyika na ya juu, moshi ukatawanyika. Mwenye pumu awe na dawa yake ya kuvuta mfukoni, wala asiadhibiwe kwa kubaki nyuma.