Ukuta wa nyumba ya Mji Mkongwe unatoa chumvi hata baada ya kupigwa saruji. Nibandike tailizi?

mkaziwakiponda

Assalaam alaikum wanajukwaa.

Nyumba yetu ipo Kiponda, Mji Mkongwe, ya mawe na chokaa, tumeachiwa na bibi mzaa mama. Huko juu hatuna neno. Shida ni chini, chumba cha mbele anacholala mama kwa kuwa magoti hayamruhusu tena kupanda ngazi. Ukuta unaopakana na kichochoro umelowa tangu sakafuni mpaka usawa wa kifua changu. Rangi imetoka malengelenge, ukiyabonyeza unamwagika unga mweupe, na huo unga ni chumvi (nimeonja, msinicheke). Kabati la mama limeota kuvu mgongoni, na nguo zinanuka uvundo hata nikizifukiza udi.

Mwaka juzi fundi alibandua plasta yote ya zamani, akapiga ya saruji, nzito, akamalizia kwa rangi ya mafuta aliyoniambia haipitishi maji. Ukuta ukapendeza, wageni wakausifu. Masika yalipokuja na kwisha, mambo yakarudi vibaya zaidi. Zamani unyevu ulikuwa unaishia magotini, sasa ndio huo umefika kifuani. Fundi huyo huyo anataka tuongeze tabaka jengine la saruji lenye dawa, kisha tubandike tailizi mpaka mita moja na nusu kutoka chini.

Kuna na hili: juu ya mlango wa chumba hicho pana ufa unaokwenda mshazari mpaka darini. Juu ya dari hiyo ndiyo bafu. Sijui kama ni jambo moja au mawili.

Naomba ushauri kabla sijatoa pesa.

Kijana wa Mbezi

Pole dada. Sikiliza fundi wako, bandika tailizi. Mimi nipo Mbezi, Dar, nyumba ya bloku, ukuta wa sebuleni ulikuwa unakula rangi kila mwaka. Nikabandika tailizi nusu ukuta, mpaka leo sijaona unyevu. Na zinafutika kirahisi, watoto wakichora unapitisha kitambaa.

fundi_mwashi

Wa alaikum salaam. Mwanangu, tailizi usibandike. Kijana wa Mbezi haoni unyevu kwa sababu ameufunika. Akae muda, kisha aje atwambie rangi iliyo juu ya mstari wa tailizi ina hali gani.

Mimi ni mwashi, kazi nimejifunza kwa marehemu baba, na sehemu kubwa ya umri wangu nimeimalizia kwenye nyumba kama hiyo yenu. Bloku ni kitu kimoja, ukuta wa Mji Mkongwe ni kitu kingine kabisa. Ndani ya ukuta wenu mna mawe ya matumbawe, chokaa na udongo mwekundu, na unene wake ni nusu mita au zaidi. Waliojenga hawakulaza nailoni juu ya msingi, haikuwepo. Walijua maji ya ardhini yatapanda, wakayaachia njia ya kutokea. Maji yanafyonzwa na jiwe, yanafika usoni mwa ukuta, yanapita kwenye plasta ya chokaa na kuchukuliwa na upepo. Chumvi haiwezi kuruka na upepo, inabaki hapo hapo kwenye plasta, inaganda chembe chembe, na chembe zikikua zinaisukuma plasta mpaka inapukutika. Plasta hiyo imewekwa iliwe, jiwe lisiliwe. Baada ya miaka unaikwangua, unapiga nyingine. Wazee hawakuona kama ni hasara.

Sasa fundi wako kaja na saruji, na juu yake rangi ya mafuta. Maji hayakukoma kupanda hata siku moja. Yamekosa pa kutokea usawa wa goti, yakaendelea kupanda mpaka yakapata mwanya. Ndiyo maana ya kifua. Ukibandika tailizi mpaka mita moja na nusu, jiandae kuyaona usawa wa kichwa, na pengine yatoke upande wa pili, chumba cha jirani, mkaanza na ugomvi.

Usishangae pia ukuta kulowa wakati wa kaskazi, jua linawaka na mvua hakuna. Chumvi ikishajaa kwenye plasta inavuta unyevu wa hewani yenyewe, na hewa yetu ya Unguja unaijua.

Lakini kabla ya kutaja plasta ya aina yoyote, nataka unifanyie kazi ndogo. Toka nje, simama kichochoroni. Njia iko juu au chini kuliko sakafu ya chumba cha mama? Watu wamemwaga zege kichochoroni juu ya zege la zamani, na mara nyingi nyumba inajikuta imezama. Tazama mfereji wa bati unamwaga wapi. Tazama viyoyozi vya majirani, vile vimipira vyao vinadondoshea nini. Uliza karo, lile shimo la maji machafu, liko wapi na limefunguliwa lini.

Ndani, chukua karatasi ya nailoni, kata vipande viwili, vigandishe ukutani kwa gundi ya utepe pande zote nne, kimoja chini karibu na sakafu, kimoja juu pakavu. Viache siku mbili hivi. Maji yakiwa nyuma ya nailoni, yanatoka ukutani. Yakiwa mbele yake, upande wa chumbani, hiyo ni hewa ya chumba inayoganda kuwa maji, na dawa yake ni nyingine.

Halafu ule ufa. Huo ndio ulionifanya niandike usiku huu, maana chumvi ina subira, bafu halina. Vichwa vya boriti vimekaa ndani ya ukuta, na juu yake pana mawe na zege la chokaa, mzigo mkubwa. Bafu likivuja, maji yanakwenda kutua kwenye vichwa vya boriti. Vinaoza humo humo ukutani, na nje boriti unaiona nzima. Panda ngazi, chukua bisibisi, choma boriti pale inapoingia ukutani, kisha choma katikati yake, ulinganishe. Na mama asilale chumba hicho mpaka umenijibu.

Mtoto wa Forodhani, Muscat

Naunga mkono kuhusu nailoni. Huku Muscat kiangazi watu wanashusha kiyoyozi mpaka 18, wakifungua mlango tu hewa ya nje yenye mvuke inagonga ukuta baridi, unatiririka kama umemwagiwa. Jirani yangu alibadilisha bomba la jikoni bure, bomba halikuwa na kosa. Kwa hiyo dada, kama mama ana kiyoyozi chumbani, kizimwe siku za kupima, usije ukachanganya mambo.

Na fundi, tafadhali, ukimwambia mtu ukweli kuhusu boriti usimwogopeshe kwa maneno makubwa. Mama mtu mzima huyo, kuhamishwa chumba si jambo dogo.

fundi_mwashi

Simwogopeshi. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib ilianguka mchana, watu wako ndani wanakarabati, wawili wakafariki. Jengo la mwaka 1883, kila anayeshuka bandarini analiona. Sisemi nyumba ya Kiponda itafanya hivyo. Nasema mtu apime kwanza, awe na haya baadaye.

mkaziwakiponda

Ahsanteni sana. Nimefanya yote, majibu haya hapa.

Nailoni ya chini: maji nyuma yake, matone kabisa. Ya juu: kavu pande zote mbili. Kiyoyozi hatuna, mama anatumia panka.

Kichochoro kiko juu ya sakafu yetu shubiri moja na kidogo. Mpira wa kiyoyozi cha jirani wa ghorofani unadondosha kwenye pembe ya ukuta wetu, mchana kutwa, na pale chini pameota majani ya kijani. Karo liko uani, mbali, na halijajaa.

Boriti: katikati bisibisi haikuingia, nilihisi kama nachoma chuma. Pembeni, juu ya mlango, boriti mbili zimemeza bisibisi mpaka kwenye mpini. Unga wake uliotoka ni wa kahawia, umelowa. Mama tumemhamishia kwa dada Mwanakwerekwe, analalamika kuku wanamwamsha.

Fundi, tuanzie wapi? Na mamlaka wanahusika? Naogopa wakija watazuia kila kitu.

fundi_mwashi

Kuku wamwamshe, hewala.

Leo hii funga maji ya bafu hilo, mtumie jengine. Kesho tafuta mirunda, zile nguzo za miti za kuegemezea, isimamishwe chini ya boriti hizo mbili na za jirani yake, juu pakilazwa ubao mnene unaozishika zote, na chini ubao vile vile, mirunda isitoboe sakafu. Hiyo inakupa muda tu, haiponyeshi.

Mamlaka ya Mji Mkongwe wanahusika, na ni bora uwafuate kuliko wakufuate wao. Mji umo kwenye Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, hubadilishi boriti wala uso wa nyumba bila kibali. Lakini wana watu wanaozijua nyumba hizi, na mhandisi wao akiuona ufa atakwambia kama ni boriti tu au na ukuta unatembea. Na wewe mwenyewe uanze kuuchunguza: ganda kipande chembamba cha kioo kukatisha ufa, kwa jipsamu kila upande, andika tarehe kwa penseli pembeni. Ukuta ukitembea, kioo kinapasuka. Kikikaa kizima mpaka vuli, una ufa wa zamani uliokwisha kutulia. Usiuzibe kwa saruji kabla ya hapo, utakuwa umempaka msema kweli plasta mdomoni.

Boriti zilizooza si lazima zitolewe zima. Mara nyingine kichwa tu ndicho kinakatwa, kinaungwa mti mpya mgumu uliotiwa dawa ya mchwa. Hayo aamue aliyeona kwa macho. Bafu lijengwe upya mteremko wake na mabomba yake, na huko bafuni kwenyewe ndiko mahali pa dawa ya kuzuia maji na tailizi. Pesa ya tailizi ulishaiweka, ipeleke huko.

Sasa ukuta. Jirani azungumzwe kwa upole, mpira wake uongezwe urefu ufike kwenye mfereji. Kichochoro ni cha watu wote, hapo ndipo utawahitaji tena Mamlaka na Baraza la Manispaa: zege lililoegemea ukuta likatwe kando ya nyumba yenu, pawekwe mfereji mwembamba wenye kokoto, maji yapate kuondoka. Bila hilo plasta yoyote ni kujifurahisha.

Ndani, saruji yote ibanduliwe, na uende nayo juu kupita mstari wa unyevu kwa nusu mita. Tumia tindo na nyundo ndogo. Ukiona mtu anakuja na mashine ya kubomolea zege mrudishe, atang'oa na mawe. Chumvi iliyobaki ifagie kwa brashi kavu uichukue nje. Usiioshe kwa maji, utaiyeyusha irudi ndani. Kisha acha ukuta uchi. Najua haupendezi. Acha madirisha wazi, acha kipupwe chote kifanye kazi yake, na ukifagia tena baada ya wiki utakuta chumvi mpya, hilo ni jema, inatoka.

Plasta ni chokaa moja kwa mchanga tatu, kwa tabaka nyembamba, kila moja ikishika kabla ya inayofuata. Chokaa iwe imelowekwa muda mrefu, kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika. Mchanga usiwe wa pwani hata ukipewa bure, ule una chumvi yake tayari. Na atakayekwambia atie kikombe kimoja cha saruji ishike haraka, mwambie huna haraka. Chokaa inashika kwa hewa, taratibu, unaining'inizia magunia yaliyolowa ili isikauke ghafla ikapasuka. Juu yake paka chokaa ya kupaka, si rangi ya mafuta wala plastiki. Itachafuka, utapaka tena kabla ya Idi.

Nilisahau: kama kuna soketi au swichi kwenye ukuta huo, fundi umeme azikate kabla tindo halijagusa. Chumvi na maji vinapitisha umeme vizuri kuliko unavyodhani, na waya uliooza ndani ya plasta ndio unaoleta shoti na moto.

mkaziwakiponda

Soketi ipo, na panka la mama lilikuwa limechomekwa hapo hapo. Nimezima kwenye sakiti. Jirani amekubali kuhusu mpira, mkewe ndiye aliyemsukuma. Jumatatu nakwenda Mamlaka na picha.

Fundi wetu wa saruji amenuna.

Kijana wa Mbezi

Mzee, samahani kwa kuingilia uzi wa dada. Nimekwenda kuangalia kama ulivyosema. Juu ya tailizi rangi imeanza kuvimba, kama upana wa kiganja. Nyumba yangu ina nailoni kwenye msingi, nilisimamia mwenyewe. Sasa maji yanapitia wapi?

fundi_mwashi

Nje una pavingi?

Kijana wa Mbezi

Ndiyo, tuliweka baada ya kuhamia. Tulijaza kifusi kwanza ili maji ya mvua yasituame getini.

fundi_mwashi

Basi fukua tofali moja la pavingi kando ya ukuta huo na utafute ukingo wa nailoni. Ardhi ya nje inatakiwa iwe chini yake kwa sentimita 15 kwa uchache. Wewe nadhani utaikuta nailoni imezikwa, na maji yanaipanda kwa juu kupitia kwenye plasta ya nje. Ikiwa hivyo, shusha pavingi upande huo na ukate plasta ya nje iishie juu ya nailoni. Bloku si matumbawe, kwako saruji haina kosa. Tailizi zitoe ukuta upate kukauka.