Majina 26, hakuna mtaalamu hata mmoja: orodha ya Medicaid inatupotezea watoto

Ndugu zangu mlioko Marekani, hasa sisi wa Louisville, Kentucky, ninaandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Mwanangu ana miaka 13. Tangu baba yake mdogo afariki, halali usiku, na shuleni hasemi na mtu. Daktari wake alituandikia rufaa kwa mtaalamu wa ustawi wa jamii wa kliniki, yaani mwenye shahada ya uzamili na leseni ya jimbo ya kutibu maradhi ya akili kwa mazungumzo. Ilinichukua wiki nzima kumwelewesha mume wangu kwamba huyu si yule sosho woka, yaani afisa wa ustawi wa jamii, ambaye sisi tuliopitia Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Tanzania, tunamwogopa kwa habari za watu kunyang'anywa watoto. Alipokubali, ndipo nilipogundua kwamba mtaalamu mwenyewe hapatikani.

Kampuni inayosimamia Medicaid yetu, yaani bima ya afya ya serikali kwa watu wa kipato kidogo, ilinipa orodha ya majina 26, nami nikayapigia simu yote wakati wa mapumziko ya kazini. Namba tisa hazikupokewa au hazipo tena, wanne walikwisha kuhama, saba walisema hawapokei Medicaid, na watano hawachukui wagonjwa wapya au hawatibu watoto.

Aliyebaki alikuwa na nafasi. Mpokezi akaniuliza ninazungumza lugha gani, nikamwambia Kiswahili, akajibu kwamba hawana mkalimani, kwa hiyo mwanangu atanitafsiria. Yaani mtoto mwenye msiba moyoni ndiye amweleze mtaalamu yale ambayo mimi mama yake ninayaona saa nane za usiku, kisha anigeuzie kwa Kiswahili yaliyosemwa juu ya maradhi yake mwenyewe! Kifungu cha 1557 cha sheria ya afya ya mwaka 2010 kinawataka watoa huduma wanaopokea fedha za serikali kuu watoe mkalimani bila malipo, na kanuni zake zinakataza kumtumia mtoto kutafsiri isipokuwa katika dharura. Nilipomwambia hivyo, alikata simu.

Siwalaumu wataalamu wote, kwa sababu mmoja wao alinieleza kwa upole kwamba malipo ya Medicaid ni madogo na madai yake yalikuwa yakirudishwa mara kwa mara, hata akashindwa kulipa kodi ya ofisi. Ninaowalaumu ni hao wenye orodha. Jimbo linailipa kampuni kiasi maalumu kila mwezi kwa kila mwanachama, awe ametibiwa au hakutibiwa, na mwanangu anahesabiwa humo mwezi baada ya mwezi. Wala hawawezi kusema kwamba tatizo hili ni geni. Mwaka 2023 maofisa wa Kamati ya Fedha ya Seneti walipiga simu 120 kwa wataalamu wa afya ya akili waliomo katika orodha za Medicare Advantage, ambayo ni bima ya wazee inayoendeshwa na kampuni binafsi, wakapata miadi kwa asilimia 18 tu. Kama maofisa wa Seneti walikwama hivyo, mama anayepiga simu kwa Kiingereza cha kubabaisha akiwa amesimama ghalani kazini atafika wapi?

Sheria ya Medicaid inampa kila mtoto aliye chini ya miaka 21 haki ya matibabu anayoyahitaji, ya akili yakiwemo. Kwa hiyo nimepeleka malalamiko kwa maandishi, nikaambatanisha orodha yao pamoja na matokeo ya kila simu, na nimedai kwamba, kwa kuwa miongoni mwa wataalamu wenye mkataba nao hakuna wa kumtibu, wamlipie mtaalamu wa nje ya orodha yao, jambo ambalo kanuni za serikali kuu zinawalazimu kulifanya. Siku 34 zimekwisha kupita, nami bado nasubiri jibu.

Aliyewahi kulipiwa mtaalamu wa nje hapa Kentucky, namwomba anieleze barua yake aliipeleka kwa nani.