Cousins au Penix? Falcons walikosea kabla hata msimu haujaanza

Mleta mada:
Wakuu, hili la Atlanta Falcons, timu yetu ya futiboli ya Marekani (NFL), linaniuma, naomba tulijadili. Machi 2024 walimsaini kwotabaki (anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi) Kirk Cousins kwa miaka 4, dola milioni 180, na milioni 100 kati ya hizo ni zake hata wakimwacha. Alikuwa na miaka 35, ametoka kukatika kano ya kisigino Oktoba 2023. Sawa. Aprili kwenye drafti, yaani timu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, chaguo la 8, wakachukua kwotabaki mwingine, Michael Penix. Cousins kapigiwa simu dakika za mwisho kabisa, zamu ya timu imeshafika.

Wengi mnamlaumu aliyekuwa kocha Raheem Morris kwa kumng'ang'ania Cousins. Kweli alichelewa kumweka Penix. Msimu ule wa 2024 mechi 4 mfululizo tulipoteza, Cousins hakurusha pasi ya tachidauni (mpira kufikishwa mwisho wa uwanja wa wapinzani) hata moja na pasi zake 8 zilinyakuliwa, 4 siku ya Chargers peke yake. Siku ile tunaongoza 13-10, anarusha, Tarheeb Still wa Chargers anaudaka mpira na kukimbia nao yadi 61 hadi mwisho wa uwanja. Tukalala 17-13. Rudieni kuangalia mguu wake wa kulia, ule ule ulioumia. Ndio anaousukumia akirusha, na mimi nikiutazama sioni nguvu.

Ila kumbukeni drafti ile: hakuna mchezaji wa ulinzi hata mmoja aliyechukuliwa kabla ya chaguo la 15. Yaani sisi nafasi ya 8 tulikuwa na walinzi WOTE wa kuchagua! Timu miaka nenda rudi ilikuwa haina watu wa kumfikia na kumwangusha kwotabaki wa wapinzani, tukamwacha kila mmoja wao apite. Agosti ikabidi tutoe chaguo la raundi ya 3 ili tumpate mlinzi Matthew Judon.

Mchangiaji:
Nakupinga mkuu. Kwotabaki haokotwi njiani, ukimwona unamchukua. Green Bay walimchagua Jordan Love 2020 wakiwa na Aaron Rodgers, akasubiri misimu 3, kisha timu ikawa yake. Patrick Mahomes wa Kansas City naye alianza akiwa wa akiba nyuma ya Alex Smith. Na Penix alipopewa mechi yake ya kwanza, Giants walikula 34-7.

Mleta mada:
Rodgers na Smith walikuwepo siku nyingi, ndugu yangu. Hakuna aliyesainiwa Machi kwa pesa zile halafu Aprili akaletewa mrithi. Na hiyo 34-7 unayoitaja, Penix hakurusha tachidauni. Mbili zilifungwa na ulinzi kwa kudaka pasi, Jessie Bates na huyo huyo Judon! Halafu mechi ya mwisho ya msimu tuko nyumbani, Penix yuko uwanjani, timu imepata pointi 38. Panthers wakatufunga 44-38 kwenye muda wa nyongeza. Pointi 38 nyumbani na bado unapoteza, hapo ulitaka kwotabaki afanye nini tena?