Kituo cha watoto wa mtaani kimejaa nguo ila kodi na mlinzi hakuna wa kulipa, majirani tusaidieje?

Jirani wa Igoma
Wakuu habari za jioni, naomba ushauri maana hili jambo linaniumiza. Huku kwetu Igoma, Mwanza kuna kituo kinalaza watoto wa kiume waliokuwa wanalala stendi na mwaloni Kirumba, saivi wako 23. Jumamosi nikapeleka nguo za mwanangu zilizombana, mlezi akapokea vizuri akashukuru, ila aliponipitisha stoo nikakuta nguo zimejaa hadi juu, viatu, mabegi ya shule, afu jikoni sembe imebaki debe moja na mwenye nyumba anadai kodi ya miezi 2. Watu wanakuja sana Idi, Krismasi na 16 Juni Siku ya Mtoto wa Afrika, wanaleta soda na biskuti, ikifika Februari hakuna anayepiga hodi. Mlinzi wa usiku kaacha kazi, hajalipwa. Sasa sisi majirani wengi ni wapangaji, huyu anauza nyanya huyu bodaboda, tunataka tusaidie kila mwezi lakini watu wanaogopa maana tumeshachanga mara nyingi hapa mtaani hela zikaishia mifukoni mwa watu. Tuanzeje?

Mama Kikoba
Mdogo wangu fanyeni kama kikoba. Buku mbili kwa wiki hata muuza nyanya anaimudu, mkiwa 40 ni 80,000 kwa wiki, mwezi 320,000, kodi na mlinzi hapo mnaanza kuviona. Hela isikae kwa mtu mmoja, na mlezi msimpe mkononi hata kama ni mtu mwema, kodi ipelekwe kwa mwenye nyumba mwenyewe, risiti ipigwe picha itumwe kwenye grupu siku hiyo hiyo. Sisi tulisomesha hivyo yatima wawili mpaka wakamaliza fomfoo, kilichotubeba ni daftari la mahesabu ambalo yeyote akitaka anafungua anasoma.

Mstaafu wa Ustawi
Nimefanya kazi ustawi wa jamii miaka mingi, naomba niongezee. Kabla hamjachanga ombeni kuona leseni, Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka makao ya watoto yawe na leseni, na afisa ustawi wenu anatakiwa awajue watoto waliomo. Kama hawana msiwakimbie, wasaidieni kufuatilia. Kingine kinachosahaulika ni nauli. Mtoto katoka Bariadi au Tarime kakimbia njaa au kipigo, kumrudisha sio kumkatia tiketi tu, mlezi inabidi atangulie akaongee na bibi au mjomba, aende tena na mtoto, afu baada ya miezi arudi kuangalia kama bado yupo na anasoma, hizo ni safari tatu. Na mkiona mtoto mgeni stendi usiku pigeni 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, ni bure. Picha za sura zao jamani tusiweke mtandaoni, huyo kesho ni baba wa mtu.

Fundi Pikipiki
Mi nimelala kituo kama hicho nikiwa na miaka 11. Nguo zenyewe sizikumbuki. Namkumbuka mzee mlinzi, alikuwa anakaa mlangoni na tochi yake, na mtu ambaye amezoea kulala barazani akimwagiwa maji au kuvuliwa viatu usingizini ndo anaelewa, wiki ya kwanza nilikuwa naamka usiku kuhakikisha kama mzee bado yupo. Kwa hiyo mimi naanza na mlinzi, ntachangia kila mwezi. Halafu gereji yangu iko Buzuruga, wakubwa wawili waje Jumamosi wajifunze, chakula cha mchana juu yangu.

Dagaa wa Kirumba
Mi hela ya kila wiki siwezi kuahidi kwa kweli, biashara inategemea ziwa. Ila dagaa sado moja kila Ijumaa ntatoa, atafutwe wa bodaboda wa kuzipitia.

Jirani wa Igoma
Asanteni sana, Mungu awabariki. Leo nimeenda na mama mmoja jirani, leseni tumeionyeshwa iko ukutani. Mwenyekiti wa mtaa katukubalia tukutane ofisini kwake Jumapili saa 10 jioni, daftari nimeshanunua. Fundi, nimemwambia mlezi habari ya Jumamosi, anauliza waje na ovaroli au unazo?

Fundi Pikipiki
Ninazo, waje hivo hivo.